Mume wa Ushuhuda

Pasta Alvin aliusoma ushuhuda wa Sella mara mbili, akauweka mezani, akasema hauna Mungu ndani yake.

Katika kanisa la Mlango wa Pili, pale Kawangware, hakuna aliyepanda madhabahuni kushuhudia kabla karatasi yake haijapita ofisini. Ndiyo iliyokuwa taratibu. Unaandika kwenye fulskepu, unaleta Alhamisi, Pasta anaupiga msasa, Jumapili unausimamia. Wapo walioambiwa wapunguze, na wapo walioambiwa waongeze machozi kidogo. Sella alikuwa amejaza kurasa mbili, na mumewe Wakoli, aliyeketi kando yake na chupa ya chai magotini, ndiye aliyemsaidia kukumbuka tarehe.

"Dada Sella," Pasta akasema kwa upole, "hebu angalia hapa. Mume wangu aliuza mashine yake ya welding. Hapa tena, mume wangu alinilisha uji. Ukurasa wa pili, mume wangu, mume wangu. Sasa nikuulize, Mungu alifanya nini?"

Sella akameza mate. Tangu apasuliwe uvimbe wa shingo, kumeza kulimchukua muda. "Si Mungu ndiye alinipatia yeye?"

"Ni ukweli. Lakini hiyo haiwezi toa mtu kwa kiti. Watu wa hapa wanataka kuona mtu alikuwa kwa shimo, hana mtu, halafu mkono wa Mungu ukashuka. Wewe shimo ulikuwa nayo, sawa. Lakini kila mahali naangalia, huyu mzee ameshasimama hapo. Mungu atapita wapi?"

Mwanamume mwingine angekasirika. Wakoli alikuwa mtu wa kuamini kwamba aliyesoma anajua, na siku hizo aliogopa jambo moja tu, mkewe asije akakosa nafasi hii kwa sababu yake. Sauti ya Sella ilikuwa imerudi miezi minne iliyopita, nzito kidogo kuliko zamani, na hakuna aliyeitaka. Waliokuwa wakimwita malkia wa injili sasa hawakushika simu zake. Mwezi uliopita aliimba kwenye matanga kule Silanga, akalipwa sahani ya wali na soda, na soda yenyewe ilikuwa ya moto. Mlango wa Pili walikuwa na kwaya, studio, kamera tatu, na watu elfu moja kila Jumapili. Pasta aliahidi kumrekodia wimbo mpya na video yake, ushuhuda ukipokelewa.

"Pasta," Wakoli akasema, "kama ni mimi nimeziba njia, nitoeni. Asinitaje. Mungu mwenyewe anajua."

"Umeona roho kama hiyo?" Pasta akamwambia Sella. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi mwake.

Walitoka na ushuhuda uliobaki nusu. Wakoli alifurahi njia nzima, akimwambia mkewe mambo sasa yatafunguka. Alidhani kutotajwa ni jambo dogo, kama kukosekana kwenye picha ya harusi ya jirani.


Jumapili hiyo Wakoli alikaa safu ya nyuma, chupa mkononi. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya tangawizi na asali aliyoyachemsha alfajiri, kama alivyofanya kila siku kwa miaka miwili. Sella hakuimba bila kunywa vikombe viwili, kimoja kabla na kimoja baada, la sivyo sauti ilikwaruza.

Alishuhudia vizuri. Alieleza uvimbe, kisu, na asubuhi aliyoamka akafungua mdomo pakatoka hewa tupu. Alieleza mwaka na nusu wa kuongea kwa kugonga kijiko kwenye kikombe: mara moja, nataka maji, mara mbili, nataka kugeuzwa, mara tatu, njoo tu. Hakusema aliyekuwa akija ni nani. Wanawake wa mbele walikuwa wameshatoa vitambaa, na mambo yangeishia hapo kwa amani.

Lakini Pasta Alvin aliijua kazi yake. Alimshika Sella bega, akauliza kwenye maiki, "Na bwana yako? Wakati huo wote, dada yangu, bwana yako alikuwa wapi?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Sella akatazama nyuma ya ukumbi, akamwona Wakoli ameinuka nusu kwenye kiti, anatabasamu, ameshika chupa kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia jina lake liko karibu kuitwa. Kisha akatazama wale elfu moja. Akainamisha kichwa. Hakusema neno, na machozi yakamtoka.

"Aaaai!" ukumbi mzima ukaitika.

"Alitoroka!" Pasta akapaza sauti. "Wanaume wa Nairobi! Ukiwa na sauti wewe ni malkia wake, sauti ikienda anatafuta mwingine! Lakini Yesu alitoroka?"

"Hapana!"

Mlio wa kibodi ukapanda, na Sella akaimba. Tuseme ukweli, aliimba vizuri mno, ile sauti nzito ikatoka na uchungu ambao hata yeye hakujua anao. Watu walipiga magoti sakafuni. Mama mmoja wa kitenge kipya, aliyekaa ubavuni mwa Wakoli, akamgeukia na macho mekundu. "Mwanaume kama huyo, ndugu yangu, si angekufa tu?"

Kikapu cha kumchangia dada Sella kilipofika, yule mama aliweka mia mbili, kisha akakishikilia mbele ya Wakoli, akingoja. Wakoli akatoa hamsini aliyokuwa ameitenga ya nauli, akamchangia mke wake aliyetorokwa na mumewe.

Kwa hiyo walirudi Kibera kwa miguu. Walikuwa wamekaribia nyumbani Wakoli alipofungua mdomo.

"Ulinyamaza, Mama Valary."

"Alinishtua. Ningesema nini mbele ya watu wote wale?"

"Ungesema, si yule pale na chupa."

"Nimuaibishe Pasta kwa madhabahu yake? Kesho angetufukuza. Ni Jumapili moja tu, Baba Valary. Watu watasahau."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Zile kamera tatu zilikuwa zimemtoka akilini kabisa.


Video iliwekwa mtandaoni Jumanne. Waliipa jina Aliachwa na Mume, Akainuliwa na Mungu, na kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kumsikia Sella akiimba tangu azaliwe. Redio ya injili ikampigia. Makanisa ya Kayole na Rongai yakamwalika. Watu waliomkwepa miaka miwili walimtumia ujumbe wa kumkumbusha walivyokuwa wakimwombea kila siku.

Wakoli alikuwa kibarua katika kibanda cha kuchomelea vyuma pale Sarang'ombe, mali ya mtu aitwaye Osewe. Mashine aliyoitumia ilikuwa yake zamani. Osewe ndiye aliyeinunua kwa bei ya mtu mwenye shida, wiki ya upasuaji, kisha akamwajiri mwenyewe aitumie kwa malipo ya siku.

"Buda, ni wewe huyu?" Osewe akamsogezea simu. "Na vile hujifanyanga mpole."

"Osewe, wewe ndio ulinunua mashine yangu. Nilikuambia pesa ni ya nini?"

"Ulisema ni ya hospitali. Watu husema vitu mingi wakiuza."

Mchana akaja mama mmoja wa Silanga, mwenye mlango wa chuma aliouagiza. Mlango ulikuwa umekamilika, umebaki rangi. Alimtazama Wakoli, akaitazama simu aliyoonyeshwa na Osewe, akamvuta Osewe pembeni lakini hakupunguza sauti. "Huyo ndio atakuja kuniwekea mlango? Mimi naishi na wasichana peke yangu. Tafuta mwingine." Osewe akampeleka Wakoli nyuma ya kibanda kukwangua kutu, mahali ambapo wateja hawafiki, na malipo ya kukwangua kutu ni nusu.

Jioni kaka yake, Wepukhulu, alipiga simu kutoka Kimilili. Mama yao alikuwa ameonyeshwa video na mjukuu wa jirani. Tangu aione hakutaka kutoka nje, wala kwenda kanisani.

"Anauliza alizaa mtu wa aina gani," Wepukhulu akasema.

"Wepukhulu, si wewe ulikuja Nairobi ukanikuta namwosha? Ulinikuta na beseni!"

"Nilikuja siku mbili. Hizo zingine sijui."

"Sasa unaamini simu?"

"Naamini yeye mwenyewe. Ameulizwa mume alikuwa wapi, akalia. Mtu halii bure. Lisemwalo lipo, ndugu yangu."

Kaka mtu alitaja nusu tu ya msemo. Ile nusu ya pili, kwamba kama halipo laja, hakuna aliyeikumbuka siku hiyo.

Katika ploti yao ya Kisumu Ndogo, humo humo Kibera, kulikuwa na mtu mmoja aliyejaribu kumtetea. Huyu alikuwa Mildred, muuza omena, ambaye ukuta wake wa mabati ndio uliokuwa ukuta wao pia. Alisimama kwenye foleni ya maji akasema huyo mwanamume hajaenda popote, yeye analala hapo karibu na anajua. Wenzake wakamcheka. Mmoja akamwambia wivu utamuua, mwenziwe akibarikiwa anachimba kaburi. Mildred alijaza mtungi wake, na tangu hapo akanyamaza.


Pasta Alvin alimpangia Sella nyumba Kawangware, vyumba viwili, maji ndani, karibu na studio. Kwanza ilikuwa awe analala huko siku za mazoezi. Baadaye mazoezi yakawa ya kila siku. Kuhusu Wakoli, Pasta alieleza kwa maneno matamu kwamba kwa sasa si vizuri waonekane pamoja. Watu wangechanganyikiwa.

Wanaomlaumu Sella wasisahau alikotoka. Alikuwa amekaa mwaka na nusu akitazama mabati ya dari, asiweze hata kumwita mtoto wake jina. Sasa alikuwa na sauti, na daktari hakuweza kumwambia itadumu miaka mingapi. Karo ya binti yao Valary, aliyekuwa kidato cha pili, ililipwa yote. Kila usiku aliahidi moyoni kwamba atasema ukweli, sentensi moja tu, na alishamwambia Wakoli siku yenyewe: siku ya uzinduzi wa albamu aliyokuwa akiirekodi, watu wakiwa wameshampenda hawawezi kumwacha. Ukweli nao ni kama jino bovu. Kila siku unasema kesho utaling'oa, na kila siku linazidi kuoza.

Wakoli aliendelea kuchemsha tangawizi. Hakuna aliyemtuma. Alitoka Kibera alfajiri, akafika Kawangware, akamwachia mlinzi chupa getini, kisha akaenda kukwangua kutu. Asubuhi moja alimkuta mlinzi mpya.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Naleta hii. Ya dada Sella."

"Wewe ni nani yake?"

Juu kwenye roshani Sella alikuwa amekaa na wageni wawili wa redio, wamewasha kinasa sauti. Aliisikia sauti ya mumewe. Wakoli naye alimwona, akaona wale wageni, akaelewa kila kitu mara moja, kwa sababu hakuwa mjinga kama wengi walivyodhani.

"Mimi ni fundi," akasema. "Fundi wa geti."

"Geti haijaharibika. Fundi na chupa ya chai? Toka hapa, kabla sijaita wenzangu. Watu wa kusumbua huyu mama ni wengi."

Kwenye roshani mgeni mmoja aliuliza kuna nini. Sella alisema ni fundi tu. Alisema hivyo haraka, na chai yake ikamwagika kwenye sahani. Wakoli alirudi na chupa yake hadi Kibera. Maji yale yaliyochemshwa kwa ajili ya malkia yalinywewa na Valary, aliyekuwa na mafua.


Wiki moja kabla ya uzinduzi Sella alikuja nyumbani Kisumu Ndogo, jioni, ameficha uso kwa mtandio. Ilikuwa wiki tatu tangu akanyage pale. Alileta mkate, sukari na kilo mbili za nyama. Alikaa kwenye kile kitanda alichougulia, uso wake uking'aa kwa furaha.

"Nimewaletea habari njema. Pasta amekubali urudi."

"Nirudi wapi? Mimi niko," Wakoli akasema.

"Kwa watu. Siku ya uzinduzi utaitwa mbele, utubu kidogo, Pasta akuombee. Halafu imeisha! Tutakaa pamoja Kawangware, mchana kweupe. Hakuna tena kuachwa getini."

Valary alikuwa anaosha vyombo mlangoni. Akaacha. "Mum, atubu nini?"

"Valary, ongea na vyombo zako."

"Hapana, nauliza. Shuleni wananiita mtoto wa deserter, wa baba mtoro. Mimi hukaa tu kimya, nasema mum atasema. Ulisema utasema siku ya launch."

Wakoli akamwonyesha binti yake kiganja, atulie. Kisha akamgeukia mkewe. "Mtoto ameuliza swali yangu. Uliniahidi."

"Nikisema sasa, nani ndiye muongo? Ni mimi. Si Pasta, mimi. Wimbo inakufa siku hiyo hiyo. Albamu iko tayari, watu wamenunua tiketi. Baba Valary, hii sauti sijui nitakuwa nayo mpaka lini. Nikiipoteza tena kabla sijafika mahali, tutarudi kwa hii kitanda. Unataka turudi?"

"Sikuwahi kuchoka na hiyo kitanda."

Sella alilia. Alilia kweli, si kwa kamera, akamshika miguu akamwambia ni dakika mbili tu za maisha yake, aseme maneno kisha wapumzike. Kilichomuuma Wakoli hakikuwa uongo wenyewe. Kilichomuuma ni kuona kwamba mkewe amekwisha kuuzoea, na sasa anamletea kama zawadi pamoja na nyama.

"Maneno yameandikwa?" akauliza.

"Yako kwa karatasi."

"Lete."

Akasoma polepole, midomo ikicheza, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Nyama ilipikwa. Valary hakuila.


Siku ya uzinduzi hapakuwa na pa kukanyaga. Walifunga maturubai nje, wakaleta skrini mbili. Sella alivaa gauni jeupe la kuburuta, na mbele yake kulikuwa na meza ya maua na rundo la albamu. Aliimba nyimbo nne, watu wakapagawa. Kisha Pasta Alvin akanyamazisha kibodi kwa kidole.

"Kuna mtu yuko hapa leo," akasema. "Yule aliyetoroka."

Wakoli akaletwa mbele kati ya vijana wawili wa ulinzi, kama mwizi wa kuku. Alikuwa amevaa shati lake la bluu la harusi, kola imegeuzwa ili upande uliochakaa usionekane. Watu walizomea. Pasta akawatuliza kwa mikono. Wakoli akapiga magoti kwenye zulia jekundu, akapewa maiki.

Alitoa karatasi. Akaikunjua. Hakusoma.

Alimtazama Sella. Yeye pia alikuwa na maiki mkononi, imewashwa, taa yake ya kijani inawaka. Kati yao palikuwa na hatua tatu. Wakoli alingoja, na yeyote aliyemjua angeelewa anachongoja. Alikuwa anampa mkewe nafasi ya mwisho, bila kumlaumu. Angesema lolote, hata "inuka" peke yake lingetosha. Mpiga kibodi alishikilia noti moja, ikaendelea na kuendelea. Watu wakadhani mwanamume ameshikwa na uzito wa dhambi zake, wakaanza kulia kwa niaba yake.

Sella alitazama maua.

"Naitwa Wakoli," akasoma. "Nilimwacha mke wangu akiwa mgonjwa. Nilifuata tamaa za dunia. Naomba Mungu na yeye wanisamehe." Alisoma vizuri, bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mabati. Alipomaliza aliikunja karatasi akaiweka juu ya meza, kati ya maua na albamu.

Ukumbi ukalipuka. Wengine walirusha vitambaa hewani. Pasta akamvua Wakoli koti lake la zamani la rohoni, ndivyo alivyosema, akamvika koti jipya la suti lililokuwa limeandaliwa, mikono yake imezidi kwa inchi mbili. Sella akamkumbatia mbele ya kamera tatu, akamnong'oneza asante. Kisha Sella akaimba wimbo wa tano, na waliokuwepo wanasema hajawahi kuimba vile, wala hawajasikia mtu akiimba vile.

Baada ya ibada alizungukwa na watu kwa saa mbili za picha. Alipoulizia mumewe, kijana mmoja wa ulinzi alimwambia mzee alisema anatangulia nyumbani. Sella alidhani ni nyumba ya Kawangware. Alipofika hakumkuta. Simu ya mumewe ilikuwa imezimwa.


Kesho yake asubuhi alikwenda Kibera. Hakuficha uso, na watoto walimfuata nyuma wakiimba wimbo wake.

Mlango wao ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Godoro la Valary halikuwepo, wala sanduku lake la shule. Kofia ya Wakoli ya kuchomelea, iliyokuwa ikining'inia msumarini miaka yote, haikuwepo. Mezani palikuwa na chupa ya chai. Sella aliifungua haraka. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, haina kitu. Koti jipya la suti lilikuwa limekunjwa vizuri kitini.

Nje, Mildred alikuwa anatandaza omena kwenye gunia. Sella alimsimamia.

"Mildred, umeona Wakoli?"

"Nani?"

"Wakoli. Bwana yangu."

"Huyo si aliondoka zamani?" Mildred akasema bila kuinua kichwa. "Si ulisema hata kwa simu, dunia yote ikasikia."

"Mildred, tafadhali."

Mildred akaacha omena. Akajipangusa mikono kwa leso polepole, magamba yakimetameta vidoleni. "Ameenda na basi ya asubuhi. Ameenda kwa mamake, Kimilili, na ameenda na Valary. Nikamuuliza, na shule ya mtoto? Akasema shule ziko kila mahali. Akasema mtoto ndio shahidi yake. Mamake hawezi kuamini yeye, lakini ataamini mjukuu."

Sella akaketi chini, kwenye udongo, na gauni lake. Wale watoto waliomfuata wakaacha kuimba.

"Hajawahi kuniacha," akasema. "Mildred, wewe unajua. Hata siku moja hakuniacha."

"Unaniambia mimi?" Mildred sasa alikuwa na hasira, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mimi nimelala kwa hiyo ukuta mwaka na nusu. Nilikuwa nasikia kijiko yako kwa kikombe. Ukigonga tatu, hata usiku wa manane, nasikia kitanda inalia, anaamka. Hakuna siku ulirudia kugonga. Wale walikuuliza bwana yako alikuwa wapi, wangekuja kuuliza mimi. Mimi najua alikuwa wapi."

Simu ya Sella ililia. Alikuwa Pasta Alvin, mwenye furaha, sauti inasikika hadi kwenye gunia la omena. Alisema video ya jana inakimbia kuliko ile ya kwanza. Alisema kanisa moja kubwa la Nakuru linawataka Jumapili, wote wawili, na nauli wametuma. Mzee avae lile koti.

"Pasta, hayupo," Sella akasema.

"Hayupo wapi?"

"Ameenda. Ameniacha, Pasta. Wakoli ameniacha."

Upande wa pili karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Lakini dada Sella," Pasta akasema kwa upole, "hiyo tulishasema. Sasa tuko kwa amerudi."

Sella aliiweka simu chini kando ya omena, na Pasta akaendelea kuita halo, halo, mpaka Mildred akainama akaizima.